Maziwa ya Pugu

Jumamosi ya kwanza ya kipupwe
jiji lilitoa masweta kabatini.
Pale Kajiungeni muuza supu
alikuwa amejitanda kitenge hadi masikioni,
na mimi, mzaliwa wa Buguruni,
nilitetemeka kwa haki zangu zote.

Tuntufye alikuja na fulana ya mikono mifupi.
"Baridi yenyewe ndiyo hii?" akauliza,
kama mtu aliyeonyeshwa kijiko akaambiwa ni panga.
Kwao Tukuyu, alisema, mwezi huu
maji ya kunawia hung'ata vidole.

Nilikuwa nimemwahidi mlima, na maziwa mlimani.
Mwaka mzima, kati ya mafaili ya ankara,
alinichorea Ziwa Ngosi nyuma ya risiti:
kuta, msitu, duara la wino wa buluu,
kuta, msitu, duara.
Siku moja nikachoka kushindwa.
Nikasema, hata sisi tunayo.

Basi tukapanda, na mlima wetu
ukaisha kabla hatujaanza kuhema.
"Ni huu?"
"Huu ni mwanzo," nikasema.
Ulikuwa mlima wote.

Msitu, angalau, haukuniaibisha.
Umande ulitulowesha hadi magotini,
hondohondo akapita juu na mabawa yake
yanayolia kama mlango wa kanisa,
na sange mmoja, pua ndefu, miguu ya haraka,
akakatisha njia
kama karani aliyechelewa kazini.
Tuntufye akasimama. "Huyo kwetu sijamwona."
Nikanyamaza kama tajiri.

Ziwa la kwanza lilikuwa bwawa,
lina mayungiyungi, lina chupa tatu za soda,
lina ukungu mwembamba unaoondoka
bila kuaga.
La pili ni shimo
walipochimba udongo mweupe zamani,
mvua ikaja ikalijaza, ikalisahau.
Maji yake yana rangi ya kile anachouza
mchuuzi asiye na haya, aliyezimua hadi ndoo ikapauka.
Tuntufye akachuchumaa, akatazama, akacheka
mpaka mbega wakahama mti.
"Maziwa yenu," alisema, "kweli ni maziwa."

La tatu sikulipata.
Baba alinipeleka huko nikiwa darasa la pili;
nakumbuka mkono wake, sikumbuki njia.
Tulizunguka nyasi ndefu saa nzima
nikisema ni hapo mbele, ni hapo mbele,
na yeye akinifuata bila kuuliza,
jambo ambalo si desturi yake.

Tukarudi kwenye lile shimo jeupe, tukala mihogo.
Chai ya tangawizi ilikuwa imepoa.
Upepo ukashuka, maji yakakunjamana kidogo,
na yeye akatia mkono ndani
akauacha humo, muda mrefu,
akaanza kusema kitu kwa Kinyakyusa,
polepole, si kwangu.
Sikuomba tafsiri.

Kisha, bila kugeuka:
"Hilo sweta lako, unalitumia?"

Nilimpa. Nikatetemeka kwa niaba ya wote wawili
mpaka Kajiungeni.

Jumatatu nilimkuta dirishani kwake,
viatu bado vyeupe kwa udongo,
akimweleza mteja aliyekuja kulalamikia bili:
"Hapa hapa Pugu, mama. Maziwa, ndiyo, mlimani.
Mlima upo.
Ila ukipanda uwe makini,
usije ukaupita."