Mvua ya Boza

Walikuja Mvumi mwezi wa kumi,
mwezi ambao hata mbuzi hukohoa vumbi,
wakitafuta, walisema, nyumba ya tembe yenye sura.
Ya Ndahani ikaonekana ina sura.
Miaka yote sisi tulidhani ina nyufa.

Tulikuwepo tangu asubuhi:
fundi baiskeli na spoku mkononi,
mwalimu Yoradi, aliyeaga shuleni kwamba anaumwa jino,
shangazi yangu Sechelela na kigoda chake,
na watoto, watoto, watoto.

Tamthilia yenyewe tunaijua.
Kila Jumatano usiku, banda la Chilewa,
kiingilio mia mbili, wa kupakatwa bure.
Tunajua Tunu kaolewa kwa mahari ya mkopo,
tunajua Bi Zamda, mama mkwe, kaficha wosia,
na tulijua siku atakayomfukuza itakuwa ya mvua,
maana hawa watu hawafukuzani kiangazi.

Ndipo boza likaingia.
Lita elfu kumi, ubavuni MAJI SAFI,
likapita kisimani penye foleni ya madumu
bila kupunguza mwendo.
Shangazi alilisindikiza kwa macho
kama anayemwona mdeni wake kavaa suti mpya.

Bi Zamda akashuka garini,
mfupi kuliko anavyokaa kwenye kioo.
Wanawake wakamnyima salamu.
Akaomba kiti. Kiti kikachelewa.
Mpaka alipovua viatu, tukaona malengelenge ya kisigino,
shangazi akamsogezea kigoda, akamwinamia sikioni:
"Mwenzangu, ule wosia umeuweka wapi?"
"Dada, hata mimi sijaambiwa."

Giza likaingia, taa zikawashwa, nondo wakajaa.
Kijana wa kipaza sauti akanyanyua fimbo yake
yenye manyoya kama mkia wa komba.
"Kimya! Tunaanza!"
Mpira ukafunguliwa juu ya paa
na mvua ikanyesha.

Ilinyesha kwa Ndahani peke yake.
Kwa Mbeleje, hatua kumi, vumbi halikushtuka.
Lakini harufu haina mpaka wa kiwanja.
Ilipotufikia, ile, ya udongo unaolowa,
shangazi akapiga kigelegele.

"Kata!"

Mara ya pili walikuwa wanawake wanne.
Ya tatu, mwalimu Yoradi, na jino lake, akapiga mluzi.
Mwongozaji akaja na viganja vimeunganishwa:
"Mama zangu, huyu binti anafukuzwa. Ni huzuni."
"Tunajua, baba. Endelea."
Na akiendelea, maji yakianguka,
koo zinafanya zilivyozoea.
Tunu anatetemeka kwa baridi ya kweli,
watoto wanaingiza sufuria chini ya michirizi,
mtu anapiga kelele "ndoo inaonekana! ndoo!"
mpaka mara ya saba, boza likakohoa, likaisha.
Wakachukua walichopata, wakaondoka.

Ukuta mmoja wa Ndahani ulilala wiki ile.
Walimlipa. Alisema atajenga wa matofali.

Ilipoonyeshwa, ilikuwa mwezi wa kwanza,
kifuku kimetupa mgongo, mtama umesimama magotini.
Banda likajaa hadi mlangoni.
Dakika mbili tu! Tulijitafuta:
hatukuwepo, palikuwa na giza na ukingo wa kitu
ambacho fundi baiskeli anaapa ni bega lake.
Lakini chini ya radi waliyoibandika wao,
nyuma ya kilio cha Tunu,
uzi mwembamba wa kigelegele, haukukatika.

Chilewa akaongeza sauti. Tukashangilia, tukapigana mabega.
Shangazi hakusema neno
mpaka tangazo la sabuni lilipokuja.

"Basi huko kwingine," akasema,
"watadhani tulimcheka yule mtoto."