Pengo

Nyuma ya Taqah, kwenye mwamba wa rangi ya unga wa mtama,
Bakhita ananikabidhi chekeche.
"Osha kama mchele," anasema,
kwa Kiswahili cha mama yake wa Wete.
Naosha. Chenga, chenga, mchanga,
kisha jino:
dogo kuliko punje, jeusi, lina vilima vitatu.

La panya. Alirukaruka mitini hapa,
palipokuwa msitu na matope.
Kisha dunia ikaingia ubaridi,
barafu ikajenga kwao kusini, bahari ikarudi nyuma,
na msitu ukaondoka bila kuaga.

Tabaka la juu yake tunaliosha siku nne.
Changarawe. Gamba la konokono. Changarawe.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walinena wahenga;
Bakhita analiandika pengo lenyewe daftarini,
kwa penseli, na kimo chake:
mita mbili na nusu.

Siku ya tano, jino jingine. Vilima viwili tu.
Wa ukoo uleule, nauliza,
au mgeni aliyehamia nyumba tupu?

Hajibu. Jua limetukalia utosini.
Anachota maji mengine.