Tiketi ya Emrys

Jumapili, mvua ya Wales, ile isiyonyesha wala isiyokatika.
Lowri amemleta babu yake matembezini.
Dirishani wanauza tiketi za kushuka mgodini,
wazee nusu bei.
Emrys anahesabu sarafu polepole:
miaka thelathini na mmoja
walimlipa yeye ashuke.

Kijana anayewaongoza ana tochi na maneno ya kukariri.
"Hapa palichongwa vigae vilivyoezeka nusu ya dunia,"
na watalii wanainua simu zao.
Sanamu ya plastiki imeshika patasi
kichwa chini, miguu juu.
Emrys anaitazama, anakohoa, hasemi.

Njia inajikunja. Giza. Matone.
"Angalieni vich—"
Babu ameshainama.
Mgongo umeikumbuka boriti
kabla ya macho.

Nje, kondoo wamelowa mlimani.
Lowri anamimina chai kwenye kifuniko cha thamosi.
"Umepaonaje?"

Anaigeuza tiketi, anaisoma mbele na nyuma,
anaikunja, anaitia mfuko wa shati,
uleule wa bahasha ya mshahara.

"Pamefagiliwa," asema.
Anapuliza chai.
"Pamefagiliwa mno."