Mfuko wa Detekta

Bomba la plastiki, inchi nne,
nimelikata kwa msumeno wa Bugumba, hapa Igogo.
Humo utalala mpini.
Sahani nimeivisha godoro la Shija,
lile alilolikojolea mpaka akaanza shule.

Zipu, hapana. Vifungo vya bati, hapana.
Ukitia chuma, mashine itapiga kelele njia nzima
kama kuku aliyeona kicheche.
Kamba ni ya wavu uliochakaa,
kifungo ni kisigino cha kandambili.

Lugwisha anacheka:
“Mama Shija, dhahabu hatujaiona
na tayari ina nyumba!”
Si ya dhahabu, namjibu.
Ni nyumba ya deni.
Hii mashine bado ni ya kikundi.

Usiku, umeme umekatika,
ziwa linasikika likilamba mawe kule chini,
anaipitisha juu ya mfuko wangu.
Kimya.
Kimya.
Halafu penye pindo: wiii!

Nikafumua kwa meno.
Sindano yangu,
niliyoitafuta tangu Jumanne.

Alfajiri akaondoka nayo mgongoni, Misungwi.
Sindano nimeichomeka kwenye kalenda,
juu ya tarehe ya marejesho.