Usipaze Sauti

Mama aliketi miaka kumi na tisa
kwenye ubao wa simu wa Lannion,
akichomeka waya huku, akichomoa kule,
siri za Brest na Paris zikimpitia masikioni
kama maji kwenye mfereji usio wake.
Sasa masikio hayo yamechakaa.
Nikimpigia ukelele anakunja uso:
"Azenor, usipaze sauti. Ukipaza, maneno yanavunjika."

Kioo nacho ndivyo kilivyo.
Maabara yetu iko kilimani, nyuma ya duka la matrekta,
na kabatini mna uzi wa kilomita themanini,
mwembamba kama unywele, umeviringwa kwenye rola.
Tunauzungusha mwanga humo mara sabini na tano
mpaka uamini kwamba umevuka Atlantiki.
Ukiwa hafifu, kelele za vikuzaji zinaumeza.
Ukiongezwa nguvu, kioo chenyewe kinaamka,
kinabadilika kwa kuguswa na nuru inayokipita,
na nuru inajikanyaga visigino.
Kati ya mnong'ono na ukelele pana kilele kimoja, kifupi.
Tumekikalia miaka mingi, tukikiita dari.

Kwenye skrini, nukta kumi na sita zilipaswa kukaa
nne kwa nne, kama mayai kwenye trei.
Zilinifikia zimepinda, zimetapakaa,
kila moja wingu, kila wingu likila mpaka wa jirani.
Tugdual, mtu wa milinganyo,
alijua namna ya kuirudisha safari nyuma, hatua kwa hatua.
"Hesabu ipo," alisema,
"ila itakula umeme wa kijiji kizima."

Basi tukajenga mtandao wa neva, mdogo,
tabaka tatu tu,
tukauonyesha kilichofika na kilichotumwa,
kilichofika na kilichotumwa,
hadi usiku mmoja wa Novemba
makosa yakaporomoka kama lifti iliyokatika kamba.
Tugdual akafungua chupa ya mvinyo wa tufaha.
Mimi sikunywa. Ilikuwa nzuri mno.

Jumapili, nina mafua, leso mdomoni,
nikamwuliza Mama: "Gari la Baba umeliuza lini?"
Akajibu: "Nimekula, mwanangu. Nimekula vizuri."
Kila Jumapili huwa namwuliza kama amekula.

Niliendesha gari kwenye mvua bila kumaliza supu.
Mfuatano wetu wa majaribio,
tuliodhani umetawanyika bila mpango,
ulitoka kwenye kanuni fupi, na mtandao
ulikuwa umeikariri kama kasuku.
Haukuwa ukikisikiliza kioo hata kidogo.
Ulikuwa ukitubashiri sisi.

Tukaanza upya. Nilirekodi mvua ile ile
ikigonga bati la maegesho,
tukaigeuza kuwa sifuri na moja,
kwa maana mvua haina kanuni ya kuibiwa.
Ushindi wetu ukayeyuka wote.
Wiki tatu skrini ikatuzomea kwa mawingu yake.
Ya nne, mawingu yakaanza kujikusanya,
polepole, shingo upande, 
kila nukta ikirudi karibu na kiota chake.
Nusu desibeli.
Andika hivyo hivyo, Tugdual, usiongeze chumvi:
nusu desibeli, na dari imesogea
upana wa kucha.

Jumapili iliyofuata sikuuliza habari ya chakula.
Nilivuta kiti hadi dirishani, uso wangu kwenye mwanga,
nikatumia sauti ya kawaida, ile ya kuombea chumvi mezani:
"Mama, katika siri zote ulizowahi kusikia,
ipo uliyotamani kuijibu?"
"Ndiyo, nimekula."
Nikarudia, bila kupandisha.
"Siri? Siri ya nani?"
Nikarudia.
Macho yake yakatua midomoni mwangu
kama mtu anayesoma barua yenye doa la maji.
Akaweka kikombe chini.
"Funga mlango kwanza," akasema.