Herufi Iliyolala

Walikuja watatu, theluji mabegani,
Łódź, mwezi wa pili, wafumaji wamegoma,
na Zenon Czubak akabwaga mezani pangu
karatasi kumi na moja zenye madoa ya chai.
"Ni ilani," akasema. "Inazika sanaa yote ya jana."
Nikamuuliza: mazishi ya nakala ngapi?
Mia mbili. Kwa mkopo.

Mimi ni mpanga chapa. Nasoma kinyumenyume,
kama ajisomeaye kiooni,
na wino umenikaa kuchani kama hina ya harusi isiyokwisha.
Nikaipanga.
Tunafuta nukta. Tunafuta fremu.
Tunafuta machweo na vikapu vya matunda.
Tunafuta mwanamke aketiye dirishani.
(Nilikuwa nimeketi dirishani.
Ndipo penye mwanga.)

Gitla alikuwa akipuliza vidole;
koti lake ndilo lililonunua karatasi.

Kila aya ilifunguka kwa neno moja, PRECZ,
potelea mbali,
kwa herufi kubwa za mbao,
na lugha yetu, jamani, ni mlafi wa zedi.
Kufika aya ya tano kisanduku kikavu.
Usiku. Maduka yamefungwa. Mwenye nyumba anagonga mlango.
Nikatwaa N, nikailaza ubavu,
nikaibana kwa vijiti isitikisike.
Ikawa Z. Nene kidogo, imelewa kidogo,
lakini Z.

Asubuhi Zenon akaileta nakala ya kwanza hadi puani.
Nikajiandaa kutukanwa.
"Gitla! Njoo uone, herufi imekataa kusimama!"
Wakakumbatiana. Yule wa tatu, asiyesemaga, akalia.
Pale pale, kwa penseli, wakaongeza kanuni ya nane:
*Kila kilichosimamishwa na baba zetu kitalala ubavu.*
Nikaipanga nayo.

Sasa ilani imo ndani ya kioo,
kwenye jumba lenye mlinzi anayekohoa.
Msichana wa chuo anaandika daftarini: uasi wa Z.
Niko nyuma yake na mfuko wangu wa viazi.
Chini pana majina matatu. Langu halimo,
wala si hilo linaloniuma;
zloti kumi na nne ndizo ziniumazo, hadi leo.

Nilitaka kumgusa bega, nikaacha.
Nukta walizozifuta ninazo nyumbani,
kopo zima la risasi, nzito kama mtoto mchanga.
Mwenye kuzihitaji aje