Kiyoyozi cha Bi Somoe

Ligula, saa nane mchana, bati linalia.
"Fundi, hiki kiyoyozi alicholeta mwanangu
kinakula umeme, baridi hakinipi.
Luku ya elfu kumi, siku tatu, kwisha!"

Nikapanda kigoda.
Chujio limevaa fulana ya vumbi;
nikaliosha kwa maji ya ndoo, likapumua.
Bomba la kutolea maji, lile la nje,
nyigu kaliziba mdomo kwa udongo,
ndiyo maana ukuta unatokwa machozi.
Nikachokonoa kwa kijiti cha fagio.
Mapezi ya nyuma yameliwa na chumvi,
bado yana uhai.
Gesi? Ipo. Nilipima mara mbili.

Nikawasha. Ikaja baridi ya kisimani.
Nikasubiri. Chumba kikakataa kupoa.

Ndipo nikaona pazia linacheza.
Nyuma yake dirisha, wazi shubiri moja,
limewekewa kandambili ya kiume lisijifunge.
"Bi Somoe, unaipoza Ligula nzima."
Akacheka kidogo, akaacha.
"Nikilifunga, baba, sisikii kitu.
Sisikii jirani akikohoa, wala kinu,
wala geti, mtu akija usiku."

Sikuuliza mtu gani.
Nikazima kiyoyozi, nikashusha pangaboi
lililokuwa likizunguka kama limelewa,
nikabadili kapasita, nikalitia mafuta.

Kwenye risiti nimeandika: pangaboi, elfu nane.
Dirisha sikuliandika.